Kulijibu Onyo: Nasaha kwa Wasafishao Msimbo wa Programu Huria

Vijana wengi wa zama hizi waliokwisha kujifunza lugha ya C, na ambao nyoyo zao zimepata shauku ya kutia mkono katika programu huria zinazoendesha seva, simu na vyombo vya mawasiliano vya dunia nzima, wanapouliza waanzie wapi, aghalabu hupewa jibu moja: anza na maonyo ya kompaila. Nasaha hiyo ni njema. Maonyo ni mengi, yako wazi kwa kila mtu ajengaye programu kwa mkono wake, hayamtaki mtu awe ameishi na mradi miaka ndipo ayaone, na mtunzaji wa programu, ambaye siku zote kazi zake huzidi saa za kutwa, hushukuru akipunguziwa mzigo. Walakini nasaha hiyo hutolewa nusu. Nusu iliyosalia, ambayo ndiyo inayomtenga msafishaji wa kweli na mharibifu mwenye nia safi, ni kwamba onyo ni swali ambalo kompaila inamwuliza mwandishi kuhusu maana ya alichokiandika, na swali lililonyamazishwa bila ya kujibiwa huwa na hatari zaidi kuliko lilipokuwa likisikika, maana wajao nyuma hawatalisikia tena.

Ithibati ya maneno haya imo katika tarikhi ya programu huria zenyewe. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa kifurushi cha OpenSSL katika mfumo wa Debian alikuwa akisumbuliwa na maonyo ya Valgrind, chombo kinachochunguza jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta wakati inapokwenda. Maonyo yalisema kwamba programu inasoma kumbukumbu ambayo haijapata kutiwa thamani, nayo yaliashiria mistari miwili ya msimbo iliyofanana kama mapacha. Mmoja kwa hakika ulikuwa ukichanganya yaliyomo katika kumbukumbu tupu, na kuuondoa kusingedhuru. Wa pili ulikuwa ndio mlango ambao kila chembe ya unasibu iliupitia kuingia katika hodhi la kuzalishia namba nasibu, ambazo ndizo roho ya funguo zote za siri. Mistari yote miwili ikaondolewa, maonyo yakanyamaza, na kilichobaki cha kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kikawa ni namba ya mchakato tu, ambayo kwa desturi ya Linux haikuzidi 32,768. Funguo zilizotengenezwa tangu Septemba 2006 hadi hitilafu ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008, katika Debian na katika mifumo iliyozaliwa nayo kama Ubuntu, zikawa za kukisiwa na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na subira kidogo. Insafu inatudai tuseme pia kwamba mtunzaji yule hakufanya kwa siri: aliuliza hadharani kabla ya kuiondoa mistari ile, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Mistari miwili ilihukumiwa kwa sura yake, na hakuna aliyefuata safari ya data mpaka mwisho wake, si muulizaji wala waulizwa.

Kwa hiyo, ewe msomaji unayekusudia kuanza, kabla hujagusa herufi moja ya msimbo wa mwenzio, ijenge programu yote kama ilivyo, na matokeo ya ujenzi uyahifadhi katika faili, ili baadaye uwe na kitu cha kulinganishia. Tumia bendera ya -Wall, kisha uongeze -Wextra, ukijua kwamba hata zote mbili kwa pamoja hazikusanyi maonyo yote ambayo kompaila inaweza kuyatoa. Jenga kwa GCC na ujenge tena kwa Clang, maana kompaila hizi mbili hazioni mamoja. Na ujenge ukiwa umewasha uboreshaji wa -O2, kwa kuwa baadhi ya maonyo, hasa yale ya vigeu visivyotiwa thamani, hutegemea uchambuzi ambao kompaila huufanya pale tu inapotakiwa kuiharakisha programu. Kerneli ya Linux ina desturi yake: ukiongeza W=1 katika amri ya make utapata maonyo ya ziada ambayo watunzaji wameyaweka kando ya ujenzi wa kila siku. Kisha chagua aina moja ya onyo na sehemu moja ya programu, ukae hapo mpaka umeielewa sehemu hiyo. Mtu arukaye huku na huko, akirekebisha mstari mmoja katika kila faili, huishia kuwa amegusa kila mahali na hakuna mahali anapopajua.

Nitatua kidogo juu ya onyo moja linalodharauliwa kuliko yote, nalo ni lile lisemalo kwamba kigeu fulani kimetiwa thamani lakini thamani hiyo haikutumika popote. GCC ilianza kulitoa katika toleo la 4.6 la mwaka 2011, na kwa kuwa limo katika -Wall, miradi mingi ilijikuta imefurikwa nalo mara ilipohamia toleo hilo. Msafishaji mwenye haraka huona kigeu kisicho na kazi, akakifuta, onyo likaondoka, na kiraka kikapelekwa na maelezo ya neno moja au mawili. Lakini hebu tazama kigeu chenyewe kinaitwaje, na thamani yake imetoka wapi. Mara nyingi jina lake ni ret, au rc, au err, na thamani yake imetoka katika fankisheni iliyotakiwa kuandika faili, kufunga soketi, au kuwasha kifaa. Maana yake ni kwamba mwandishi wa kwanza alikusudia kuuliza kama kazi ile imefaulu, akapokea jibu, akaliweka mfukoni, asilisome. Ukikifuta kigeu, umefuta alama ya pekee iliyobaki ya kuonyesha kwamba pana jambo lilipaswa kuulizwa. Diski itajaa, waya utakatika, kifaa kitakataa kuwaka, na programu itaendelea mbele kana kwamba yote ni salama, wala hakuna kompaila itakayosema neno. Jibu la haki ni kuisoma thamani ile. Ikiwa kushindwa kwa kazi hiyo kunabatilisha kazi zinazofuata, viachilie ulivyokuwa umevishika, kisha mrejeshee hitilafu yule aliyekuita. Ikiwa hakubatilishi, lakini msimamizi wa mtambo angependa kujua, iandike hitilafu katika daftari la matukio kwa ngazi inayostahili. Na ikiwa kwa yakini haidhuru kitu, tia maelezo mafupi kando ya mstari yasemayo kwa nini haidhuru, ndipo ukifute kigeu.

Wapo watungaji wa maktaba waliokwenda mbele zaidi, wakazitia fankisheni zao alama inayoilazimisha kompaila kuonya kila mara thamani inayorejeshwa inapotupwa, na katika GCC onyo hilo halitulii hata ukiitupa thamani waziwazi kwa void. Wengine huuona huu ni ukali usio wa lazima. Mimi nauona ni rehema kwa wale watakaoitumia programu na ambao hawatapata kuuona msimbo wake maishani mwao.

Onyo jingine linalodai subira ni la kulinganisha namba inayoweza kuwa hasi na namba isiyoweza kuwa hasi. Chukua msimbo unaosoma data kutoka faili kwa wito wa read, kisha ukauliza kama idadi ya baiti zilizosomwa ni ndogo kuliko ukubwa wa hodhi la kumbukumbu linalopokea data hiyo, ili ikiwa ndogo utangaze hitilafu. Idadi iliyosomwa yaweza kuwa hasi, kwa kuwa read hurejesha -1 inaposhindwa. Ukubwa wa hodhi hauwezi. Kanuni za C zinaamuru kwamba namba mbili hizi zenye upana mmoja zikikutana, ya kwanza igeuzwe iwe ya jamii ya pili, na -1 yenye biti 64 ikigeuzwa hivyo huwa 18,446,744,073,709,551,615. Namba hiyo si ndogo kuliko hodhi lolote duniani. Kwa hiyo hitilafu haitangazwi, na programu inachakata mabaki yaliyokuwamo katika hodhi kana kwamba ndiyo yaliyosomwa. Msafishaji anayeigeuza aina ya mojawapo ya namba kwa nguvu, ili mradi onyo liondoke, anacheza kamari: akiugeuza ukubwa wa hodhi, amepona kwa bahati, akiigeuza idadi iliyosomwa, amelipiga kosa muhuri na kulifungia ndani. Dawa ni kuuliza kwanza kama idadi ni hasi, kuushughulikia msiba huo peke yake, ndipo kulinganisha.

Kuhusu vigeu ambavyo havikutiwa thamani, tabia iliyoenea ni kukitia kigeu sifuri pale kinapotangazwa, na mambo yakaisha. Pengine sifuri ndiyo thamani inayostahili. Lakini katika programu nyingi za mfumo sifuri ni alama ya kufaulu, kwa hiyo njia ya msimbo iliyosahau kuweka namba ya hitilafu sasa itatangaza ushindi, na kompaila, iliyokuwa ikilalamikia njia hiyohiyo, imezibwa kinywa. Kerneli ya Linux iliwahi kuwa na makro iliyoitwa uninitialized_var, ambayo kazi yake yote ilikuwa kukipa kigeu thamani yake chenyewe ili kompaila isiseme kitu. Ilitumika miaka mingi katika mahali pengi, na ilipobainika kwamba imefunika hitilafu za kweli, ilifutwa kabisa katika toleo la 5.9 la mwaka 2020, kazi iliyosimamiwa na Kees Cook. Mwaka uleule, katika toleo la 5.7, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitoa hukumu iliyoonekana kuelekea upande mwingine: onyo la GCC juu ya vigeu ambavyo huenda havikutiwa thamani alilizima katika ujenzi wa kawaida, kwa sababu lilikuwa likikosea mno. Hukumu hizi mbili hazipingani. Kompaila si mwenye kujua ghaibu, na mradi una haki ya kuzima onyo la aina fulani waziwazi, mahali pamoja, kwa hoja iliyoandikwa ambayo kila mtu aweza kuisoma na kuitengua siku hali itakapobadilika. Kuzima kwa hila, kigeu kimoja baada ya kingine, kwa njia inayofanana na msimbo wa kawaida, ndiko kulikohukumiwa.

Kuna pia upande wa maonyo yasiyowashwa. Februari 2014 Apple ilirekebisha hitilafu katika msimbo wake wa kuhakiki mawasiliano ya siri, msimbo ambao ulikuwa umechapishwa wazi: mstari wa goto fail ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo, na wa pili, ijapokuwa ulisogezwa kulia kana kwamba uko chini ya sharti, ulitekelezwa daima, ukaruka uhakiki uliofuata na kurejesha jibu la kufaulu. Clang ilikuwa na bendera ya kuonya juu ya msimbo usiofikika, lakini haikuwamo katika -Wall. Miaka miwili baadaye GCC 6 ilileta onyo la mistari ambayo mpangilio wake humdanganya msomaji, na hilo likatiwa katika -Wall. Kila toleo jipya la kompaila linapotoka, basi, soma orodha ya maonyo mapya kabla ya kusoma habari nyingine yoyote.

Watu hubishana kama maonyo yote yafanywe makosa yanayousimamisha ujenzi, kwa bendera ya -Werror. Katika mitambo ya mradi inayojaribu kila kiraka kabla hakijapokewa, naona inafaa sana. Katika msimbo unaopelekwa kwa watu wajenge wenyewe haifai, kwa sababu kompaila ya kesho itakuwa na maonyo ambayo ya leo haina, na mtu atakayeijenga programu yako baada ya miaka mitano atazuiwa na kosa ambalo si lake wala si lako. Septemba 2021 Torvalds aliiwasha -Werror kwa ujenzi wote wa kerneli iliyokuwa ikielekea kuwa toleo la 5.15, na baada ya siku chache tu sharti lilibidi lilegezwe, likabaki kuwa la kawaida kwa ujenzi wa majaribio peke yake. Hata hivyo yako maonyo ambayo muda wake wa kuwa maonyo umekwisha. Zamani C iliruhusu kuita fankisheni isiyotangazwa, ikidhani tu kwamba itarejesha namba ya kawaida ya int; katika kompyuta za biti 64, ambako kielekezi kina upana wa biti 64 na int ina 32, dhana hiyo hukata nusu ya anwani na kuitupa. GCC 14, iliyotoka mwaka 2024, imelifanya jambo hilo kuwa kosa kamili, pamoja na kuchanganya namba na vielekezi na kuchanganya vielekezi vya aina zisizolingana. Vifurushi vya zamani vilivyoachwa bila mtunzaji vina kazi nyingi ya namna hii, na anayeanza hatakosa pa kushika.

Niingie sasa katika daftari la matukio, ambalo wengi hulichukua kuwa ni jambo mbali na maonyo ya kompaila, ilhali ni jirani wa mlango kwa mlango. Januari 2001 programu haribifu iliyoitwa Ramen, yenye kujieneza yenyewe, ilipita katika kompyuta zilizokuwa na Red Hat Linux 6.2 na 7.0. Iliingia kwa milango mitatu, nayo ni wu-ftpd, rpc.statd na LPRng. Yote mitatu ilikuwa na kosa la jinsi moja, na katika hii miwili ya mwisho kosa lilikaa pale hasa programu ilipokuwa ikiandika daftari. Mwandishi alichukua maneno yaliyotoka kwa mtu wa nje, akayapa fankisheni ya syslog yawe ndiyo kiolezo cha ujumbe, badala ya kuyapitisha kama data chini ya kiolezo cha %s. Aliyeijua siri hiyo alitia alama za asilimia katika maneno yake, na alama ya %n, ambayo huandika namba katika kumbukumbu, ikampa uwezo wa kuitawala kompyuta nzima. GCC ina bendera ya -Wformat-security inayoonya juu ya mstari wa namna hii, na dawa yake ni herufi chache mno. Ukiikuta katika mradi wowote, irekebishe hata kama unaamini kwamba maneno yale leo yanatoka ndani ya programu. Hujui kesho nani atabadilisha chanzo chake.

Ujumbe wa hitilafu huandikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Atausoma usiku wa manane, huduma imelala, watu wanampigia simu, na msimbo wako hajapata kuuona. Mtu huyo anahitaji kujua nini kilijaribiwa, juu ya kitu gani, kwa nini kimeshindikana, na programu imeamua nini baada ya hapo. Ujumbe usemao tu kwamba imeshindikana ni dhuluma kwake. Ujumbe usemao kwamba faili fulani, kwa jina lake lote, haikufunguka kwa kuwa ruhusa imekataliwa, na kwamba programu itaendelea kwa mipangilio ya kawaida, umemwokolea saa nzima. Usiukate ujumbe vipande viwili katika mistari miwili ya msimbo kwa kuogopa upana wa ukurasa. Mwongozo wa uandishi wa kerneli unalikataza jambo hilo kwa sababu ya haki kabisa, kwamba msomaji hulichukua neno aliloliona katika daftari akalitafuta katika msimbo kwa grep, na likikatwa katikati hatalipata.

Namba ya errno inahitaji adabu yake. Huwekwa na wito ulioshindwa, lakini wito wowote unaofuata, hata ule uliofaulu, unaweza kuibadilisha. Basi mwenye kufunga faili au kuachilia kumbukumbu kabla ya kuandika daftari aweza kuandika sababu ambayo haikuwa sababu. Ihifadhi katika kigeu chako mara moja, kisha ufanye mengine. Katika syslog, alama ya %m huandika maelezo ya errno kwa maneno. Katika kerneli, tangu toleo la 5.5, alama ya %pe huandika jina la hitilafu, na jina lasomeka upesi kuliko namba kavu.

Ngazi za uzito tulirithishwa na syslog, ambayo Eric Allman aliitunga katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, nazo ni nane, tangu 0 ambayo ni mfumo kutotumika kabisa hadi 7 ambayo ni habari za watengenezaji. Printk ya kerneli hutumia hesabu hiyohiyo. Kipimo changu ni kimoja: ngazi ya kosa ni ya jambo ambalo mwanadamu anapaswa kulitazama. Draiva ya kifaa inapowashwa mapema, kabla saa yake au umeme wake haujawa tayari, hurejesha namba ya kuomba ijaribiwe tena baadaye, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Lakini kwa miaka mingi draiva ziliandika kosa kila mara, watu wakazoea kuyapita makosa yale bila kuyasoma, na kosa la kweli likapitwa pamoja nayo. Mwaka 2020 kerneli ilipata fankisheni ya dev_err_probe, inayotofautisha kuahirishwa na kushindwa kwa kweli, na kuihamishia draiva ya zamani kwenye fankisheni hiyo ni kazi nzuri kwa mwenye kuanza. Ni kazi nzuri pia kuondoa ujumbe wa kumbukumbu kuisha unaofuata kmalloc, kwa kuwa kerneli yenyewe imekwisha kutoa taarifa ndefu kuliko hiyo. Na ujumbe ambao mtu wa nje anaweza kuusababisha apendavyo uwekewe kizuizi cha wingi, ambacho kwa desturi ya kerneli ni jumbe 10 kwa kila sekunde 5, la sivyo daftari lenyewe litakuwa silaha ya kuijaza diski.

Yako pia mambo ambayo hayafai kuandikwa kamwe. Nywila, funguo na hati za utambulisho hazina nafasi katika daftari, hata katika ngazi ya 7, maana madaftari hunakiliwa, hupelekwa kwa mafundi na hukaa miaka. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote wabadilishe nywila baada ya kugundua kwamba zilikuwa zikiandikwa wazi katika daftari la ndani kabla ya kufichwa. Anwani za kumbukumbu ya kerneli nazo ni siri, kwa kuwa humwonyesha mshambuliaji ramani ya nyumba. Tangu toleo la 4.15 alama ya %p huzificha, na kiraka kinachoirudisha anwani halisi ili iwe rahisi kuchunguza hitilafu hakitapokewa bila hoja nzito.

Lakini jambo ninalolihofia zaidi ni kudhani kwamba hitilafu iliyoandikwa imeshughulikiwa. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL walitambua kwamba dhana yao ya miaka mingi kuhusu wito wa fsync, unaoamuru data iandikwe kwa hakika katika diski, haikuwa sahihi. Waliamini kwamba fsync ikishindwa, unaandika kosa, unajaribu tena, na ikifaulu mara ya pili data iko salama. Kumbe Linux, baada ya kutoa taarifa ya kushindwa mara ya kwanza, iliweza kuzihesabu kurasa za kumbukumbu zilizobeba data ile kuwa safi, na jaribio la pili likafaulu bila data kufika. Kosa liliandikwa daftarini, na data ilipotea vilevile. Katika matoleo ya Februari 2019, 11.2 miongoni mwake, kushindwa kwa fsync kukafanywa sababu ya kuisimamisha hifadhidata nzima, ili ianze tena na kuijenga data kutoka kumbukumbu zake za miamala. Unapoongeza ujumbe wa hitilafu, basi, uulize mstari unaofuata: programu inafanya nini baada ya kusema?

Ukishapata jibu lako, lipeleke kwa taratibu. Kiraka kimoja kibebe jambo moja, wala kisichanganywe na kupanga nafasi na mabano. Soma tarikhi ya mstari kwa git blame na git log kabla ya kuubadilisha, kwa maana yule aliyeuandika pengine alieleza sababu ambayo haionekani katika msimbo. Katika maelezo ya kiraka, nakili onyo lenyewe kama lilivyotoka, taja kompaila na toleo lake, sema kama onyo ni la kweli au la uongo na umejuaje, kisha ueleze kwa nini umechagua dawa hii na ukaiacha ile. Ikiwa ni la kweli, litaje badiliko lililolileta kosa. Ikiwa unadai kwamba kiraka hakibadilishi mwenendo wa programu, usidai kwa mdomo: jenga faili kabla na baada, zifumue kwa objdump, uzilinganishe, na useme ulichokiona. Mtunzaji akikuuliza maswali, mshukuru na umjibu, hata kama maswali yanamaanisha kuandika upya. Na asipojibu kwa wiki mbili au tatu, mkumbushe kwa upole, maana ukimya wake mara nyingi ni wa wingi wa kazi.

Utakutana pia na onyo ambalo, baada ya kulifuatilia kwa insafu yote, hutalipatia jibu: kigeu ambacho hujui kama chaweza kufika pale bila thamani, ulinganisho ambao hujui kama namba ile yaweza kuwa hasi. Usilitengenezee kiraka. Liache mahali pake likiendelea kuonekana katika kila ujenzi, na uwaandikie watunzaji taarifa yenye jina la faili, namba ya mstari, toleo la kompaila, njia ulizokwisha kuzifuata katika msimbo, na mahali ulipokwama.